Kihamba Hakipimwi Bure

Haika mwanangu,

Utakapoifungua barua hii, basi lako litakuwa limeshaiacha Moshi na wewe utakuwa umeshamaliza kulia, kama nakujua vizuri. Najua utashangaa kwa nini mama yako, anayekutumia ujumbe wa sauti mrefu kuliko mahubiri ya Mchungaji, safari hii ameshika kalamu. Sauti ingenisaliti. Kwenye karatasi naweza kulia na wewe usinisikie.

Watu huandika barua za namna hii usiku wa kuamkia safari. Mimi usiku nitakuwa nakaanga maandazi yako na kugombana na zipu ya lile begi, kwa hiyo nimeiba mchana huu wakati wewe umeshuka Moshi mjini kununua viatu. Habari za chandarua, za kuanika nguo, na za marafiki wanaoazima vitu wasirudishe, sitaziandika. Nimeziimba wiki nzima, nawe umenijibu "sawa, Mama" kwa ile sauti ya mtu asiyesikiliza.

Jambo langu ni jingine. Jumapili, tulipokuwa tunamenya ndizi za kupika machalari, uliniuliza bila kuniangalia: "Mama, hivi nikimaliza chuo nitarudi kwa nani? Maana hapa ni kwa Eliya." Nikakuambia umenye ndizi uache maneno. Ulimenya. Lakini mimi kisu kilinikata kidole, na nikasingizia utelezi wa utomvu.

Ulisema kweli. Kwa mila yetu nyumba hii na migomba yake itakuwa ya mdogo wako Eliya, kwa sababu yeye ndiye mtoto wa kiume. Leo wakati wa chakula, ulipokuwa umeshaondoka, nimefungua mdomo. Nimemwambia Bibi yako, mbele ya baba yako, kwamba naomba ile kona ya ng'ambo ya mfongo, mfereji wetu wa maji, iwe yako. Eliya alikuwepo, akasema yeye hana neno, hata ile kona ana uvivu wa kuipalilia. Bibi aliweka kijiko chini, akachukua fimbo yake, akamwambia baba yako, "Twende." Wameshuka migombani wote wawili, na ninavyoandika hivi sijui wanaongea nini. Kihamba hiki, nyumba na shamba lake lote, ni cha Bibi mpaka Mungu atakapomwita, na bila neno lake baba yako hawezi kukupa hata shina moja la mgomba.

Kwa hiyo ninakuandikia nikiwa silijui jibu. Wewe ukiisoma utakuwa umeshalijua, na nakuonea wivu.

Utadhani mambo haya yameanza siku ulipochaguliwa kwenda kusomea upimaji wa ardhi huko Tabora. Hapana. Yalianza na hisabati ya Darasa la Sita.

Mimi na hisabati tuliachana mapema. Nilipomaliza Darasa la Saba kule kwetu Masama, jina langu halikuwemo kati ya waliochaguliwa kuendelea, na nilijua fika kilichoniangusha. Nikasema basi, tumeachana salama, kila mtu na njia yake. Kumbe mwenzangu ananisubiri jikoni kwangu, amevaa sare yako ya shule. Ulifunga shule ukiwa na marudio ya likizo nzima: namba kamili, maumbo, na ile aljebra. Ukanibwagia mezani, ukasema, "Mama, Mwalimu Shija amesema mzazi asaidie." Nilitamani kumjua huyo Mwalimu Shija nimwulize kama anamlipa huyo mzazi.

Nilikuwa na aibu kusema sijui. Nikafundisha kwa nilichokuwa nacho, na nilichokuwa nacho ni mteremko. Nikakusimamisha mlangoni pa jiko, nikakuambia hapo ni sifuri. Kupanda kuelekea kwa Bibi ni chanya. Kushuka kuelekea migombani ni hasi. "Panda hatua tatu. Sasa shuka tano. Uko wapi?" Ukapiga kelele, "Kwenye banda la ng'ombe!" Ilikuwa hasi mbili, na kweli banda lilikuwa pale pale. Tulicheka mpaka ng'ombe akageuka kututazama. Tukafanya hivyo siku nyingi, wewe na kandambili zako zilizochoka, unapanda, unashuka, unataja namba. Ulipenda hasi kuliko chanya. Ulisema kwenye hasi kuna ndizi mbivu, na kwenye chanya kuna Bibi na maswali yake.

Haika, bado naisikia ile sauti yako inayohesabu huku inashuka migombani. Wakati ule niliona ni kazi tu, tena kazi ya kunichelewesha kukata majani. Sikujua kwamba ndizo zilikuwa siku zangu nzuri.

Shule ilipofunguliwa mkapewa jaribio, mkaambiwa mchore mstari wa namba. Wenzako wakaulaza. Wewe ukausimamisha, sifuri katikati, chanya juu, hasi chini, na pembeni ya hasi mbili ukachora ng'ombe. Ukapigwa kosa kwa wino mwekundu, nami nikaitwa shuleni. Nilimkuta Mwalimu Shija kijana mdogo, mpole, mtu wa Tabora.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu."

"Mama, mstari wa namba unalala. Kulia ni chanya, kushoto ni hasi."

"Kulia kwa nani, mwalimu?"

Alinitazama. "Kulia tu, mama."

"Ukiwa unautazama mlima, au umeupa mgongo?"

Akacheka akakaa chini. Akasema kwao hakuna mlima wa kuupa mgongo, nchi yote imelala. Akaniambia kwamba wiki yake ya kwanza hapa Marangu aliuliza dukani ni wapi, akaambiwa "panda, halafu shuka kidogo," akapanda mpaka akakutana na wageni wanaoelekea kileleni na mabegi yao. Tukacheka wote. Mwishoni alichukua kalamu ile ile nyekundu, akakupa nusu ya alama, akasema nusu nyingine ni ya mama kwa kumpotosha mtoto. Mpaka leo nadhani alinionea huruma.

Sasa unaenda kwao. Sisi watu wa mlimani tukifika tambarare tunapotea kwa sababu hatujawahi kujua kulia na kushoto. Tunajua juu na chini tu. Utamwambia mtu "nisubiri hapo juu" naye atatazama dari. Watakucheka. Cheka nao kwanza, halafu wakuonyeshe kulia kwao ni wapi. Mimi nilipoolewa hapa nilichekwa kwa Kimachame changu, nikanuna miaka. Kununa hakukunifundisha neno hata moja la huku.

Baba yako naye aliingia kwenye marudio yale bila kupenda. Alikuwa ametoka mlimani kuwapikia wageni, midomo imepasuka kwa baridi, anataka kulala. Akatukuta tunabishana juu ya hasi. Akasema, "Kule juu alfajiri ilikuwa nyuzi hasi nane, maji kwenye ndoo yameganda, na mchana jua likawaka mpaka nyuzi kumi na mbili. Joto limepanda kiasi gani?" Ukajibu haraka, "Nne!" Akatikisa kichwa. "Utoke hasi nane mpaka sifuri, hapo umepanda nane. Bado kumi na mbili. Mbona unaiba safari ya watu?" Ukapata ishirini, akakupa kipande cha chokoleti alichopewa na mgeni, akalala na viatu. Nampenda sana baba yako, hata kama mbele ya mama yake ulimi wake huganda kama yale maji ya ndoo.

Aljebra ndiyo ilitutoa machozi. Ulikataa katakata kwamba herufi ni namba. Nikakuambia x ni mkungu uliofunikwa na gunia: upo, una idadi yake, ila hujaufunua. Hapo ukakubali. Tukafika kwenye x jumlisha saba ni sawa na kumi na mbili. Nikakukaririsha nilivyokaririshwa mimi: saba ikivuka alama ya sawasawa, inabadilika, inakuwa hasi saba. Ukaniuliza, "Kwa nini ibadilike? Imefanya kosa gani?"

Nikakuambia, kwa hasira ya mtu asiyejua, "Ndiyo sheria. Hata mimi nilivuka nikabadilika." Ukaandika tano. Labda umesahau. Mimi sikusahau, kwa sababu nilijisikia nikisema kitu ambacho nilikuwa nakiamini kweli.

Nilipoolewa niliona nimevuka. Huku waliniita mtu wa Masama, na mimi nikajitahidi nisiwe wa Masama tena. Kwetu nilikwenda kukiwa na msiba, nilikwenda kukiwa na harusi, basi. Nikasema nina ng'ombe, nina kahawa, nina mtoto, nani atabaki? Kisha siku moja, ukiwa bado mdogo, baada ya babu yako wa kule kufariki na matanga kuisha zamani, nikajisikia tu hamu ya kwetu. Nikaenda siku ya kawaida, bila kuaga wala kupiga simu.

Wifi yangu alinipokea vizuri sana. "Karibu, mgeni!" Akaniketisha sebuleni kwenye kochi lenye kitambaa, akaniletea soda kwenye sinia, na glasi imefunikwa kwa karatasi. Jikoni nilisikia wanawake wanacheka, nasikia visu vinamenya ndizi. Ni jiko nililozaliwa karibu nalo, Haika. Nikasubiri mtu aseme, "Dada, njoo utusaidie." Hakuna aliyesema. Nikatoka kwenda kuona chumba changu, nikakuta kimebomolewa, kaka yangu amepanda miparachichi. Hakuwa na ubaya wowote. Alisema akicheka, "Dada yangu, asiyekuwepo na lake halipo. Sisi tulijua wewe sasa ni wa Marangu." Nikarudi kochini nikainywa ile soda yote, kwa kuwa kuibakiza ingekuwa kuwatukana. Nilipofika Himo nikashindwa kujizuia, nikalia stendi watu wananiona.

Sikumlaumu kaka, na silaumu hata leo. Ila nilijua maana ya kuwa mgeni mahali ambapo kitovu chako kimezikwa.

Baadaye, ukiwa Darasa la Sita, kwenye kikao cha wazazi, nilimvizia Mwalimu Shija nje, nikamwuliza lile swali lako: saba imefanya kosa gani? Alifurahi kama mtu aliyeletewa zawadi. Akasema, "Mama, hakuna kinachovuka. Huo ni mkato tu wa maneno. Unatoa saba upande huu, unatoa saba na upande ule. Pande zote mbili zinafanya jambo lile lile, ndiyo maana zinabaki sawa." Akanichorea chini kwa kijiti. Nilimshukuru, nikaondoka polepole na mwavuli wangu. Njia nzima nilikuwa nawaza Masama. Mimi niliacha kwenda, nao wakaacha kuniita. Pande zote mbili tulitoa kile kile. Tulibaki sawa kabisa, ila kilichobaki kilikuwa kidogo sana.

Kwa hiyo ukiwa huko, piga simu siku isiyo na jambo. Njoo likizo isiyo na msiba wala kipaimara. Na mimi sitakusubiri uanze. Nilikosea hapo mara moja, sitaki kukosea na wewe.

Halafu ndiyo tukafika kwenye maumbo, na maumbo ndiyo yaliyonigombanisha na Bibi yako. Wewe ulikuwepo, lakini ulikuwa mtoto, na sidhani kama uliona yote.

Zoezi lilisema mtafute pembetatu nyumbani, mpime, mtafute mzingo na eneo. Wengine walipima kona za meza. Wewe ukasema, "Mama, ile kona ya ng'ambo ya mfongo ni pembetatu!" Na kweli: upande mmoja mfongo wenyewe na maji yake, upande mwingine njia, na upande wa tatu mstari wa masale, ile mimea ya mpaka, kati yetu na jirani. Tukachukua kamba ya ng'ombe, tukaifunga mafundo, tukashuka. Eneo ni nusu ya kitako mara kimo, na kila nilipotamka kitako ulianguka kwa kicheko, nami nikitazama huku na huku kama kuna mtu wa kanisani anapita. Tukafanya mfongo uwe kitako. Kimo tukakipima kwa kufuata njia, ule upande ulioinama. Tukapata eneo kubwa, tukafurahi sana.

Kisha ukasoma tena, ukaniambia kimo lazima kisimame juu ya kitako kwa pembe mraba. Pembe mraba tutaipata wapi migombani? Ukakimbia nyumbani ukarudi na kitabu cha nyimbo za ibada, kwa sababu kona yake ilikuwa imenyooka kuliko kitu kingine chochote tulichokuwa nacho. Ukakilaza juu ya udongo kando ya mfongo, ukanyoosha kamba kufuata ukingo wake. Nikakuangalia ulivyokunja uso, ulimi nje, matope mpaka magotini. Sijawahi kujivuna hivyo.

Hapo ndipo Bibi alipotokea na mzigo wa majani.

"Mnafanya nini hapo?"

"Shikamoo, Bibi. Tunapima kona!" ukajibu kwa fahari.

Akatua mzigo. "Kupima? Nani amekufa?"

Unajua sasa kwa nini aliuliza vile. Hapa kwetu kihamba hakipimwi bure. Kamba ikitandazwa, maana yake mzee amekufa na watoto wanagawana. Mtu mzima yeyote wa mlima huu angeiona kamba ile angeuliza hivyo hivyo. Mimi nilipaswa kuiweka chini, nimwamkie, nimpokee mzigo, nimweleze taratibu. Badala yake nilicheka. Nikasema, "Mama, ni hesabu za mtoto tu."

"Nimezeeka, sijawa mjinga," akasema. "Mtu wa Masama analaza kitabu cha nyimbo matopeni apime kihamba changu nikiwa hai. Mungu ameniweka nione." Akakugeukia wewe, na hakupaza sauti. "Na wewe ujue, mjukuu wangu. Binti hapimi kihamba. Binti hupita."

Ukaanza kuikunja kamba. Uliikunja vizuri, mviringo juu ya mviringo, bila kuinua macho, na nilimchukia Bibi yako siku ile. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu haiko hivyo tena. Msimu mzima wa kahawa hakupokea mtori mkononi mwangu; bakuli ulimpelekea wewe. Tangu hapo tumesalimiana, tumesali benchi moja, nimemuuguza, amenilelea Eliya, lakini jikoni kwangu hakuingia tena, na lile neno hakuna aliyelirudia. Nilidhani tukilinyamazia litakufa. Kumbe lilikuwa linakua na wewe, mpaka likatoka Jumapili kwenye ndizi za machalari.

Eneo sahihi ulilipata lakini, kwa mafundo uliyokuwa umeshayahesabu, dogo kuliko lile la kwanza. Jioni ile uliniuliza, "Mama, kumbe kupima kunaweza kumwumiza mtu?" Uliniuliza ukiwa Darasa la Sita. Huko chuoni watakufundisha mashine na ramani, nami sitajifanya nazijua. Ila siku ukitumwa kijijini kwa watu usiowajua, kabla hujatandaza chochote, salimia, keti, uulize habari za wazee. Usicheke kama mimi.

Nimesimama kidogo kuchungulia. Ukungu umeshuka, siwaoni. Nilisikia panga mara moja, halafu kimya. Ng'ombe analalamika, majani yake sijakata, na leo asamehe tu.

Kama Bibi amekataa, nitakuandikia hapa hapa maneno yake kama alivyoyasema, sitayapaka sukari. Lakini ujue kwamba niliomba. Miaka yote hii nilikuwa namngoja baba yako aseme, kwa kuwa ni mama yake. Yeye naye, ameniambia leo asubuhi akifunga viatu, alikuwa ananingoja mimi, kwa kuwa ni mimi niliyesemwa. Tumelala kitanda kimoja tukingojana. Ningeomba mapema, ungesafiri na moyo mwepesi. Najilaumu kwa hilo kuliko kwa mengine yote.

Sina hakika unaitaka hiyo kona. Labda utapenda Tabora, utaolewa huko, utajenga huko kwenye nchi iliyolala. Sawa. Sikuombei ardhi ili nikufunge mguu. Nataka tu siku ukija, uingie moja kwa moja jikoni, uchukue kisu, uanze kumenya, na mtu yeyote asifikirie kukuambia karibu.

Haika, subiri. Kuna mtu anapiga hodi mlango wa jiko.

Nimerudi.

Alikuwa Bibi. Alisimama mlangoni na matope mpaka kwenye kanga, na kwapani ana masale mabichi, yametoka kukatwa. Baba yako nyuma yake ameshika panga, anatazama chini, lakini niliona anazuia kucheka. Nikasema, "Karibu ndani, mama." Akaingia. Akalitazama jiko lote, masufuria, kalenda ya usharika, kama anayekagua.

"Mama Haika," akasema. Hajawahi kuniita hivyo ana kwa ana. "Ile kona ina pembe ngapi?"

"Tatu, mama."

"Basi haya ndiyo ya pembe zake." Akaweka masale matatu juu ya meza, karibu kabisa na barua hii, hilo doa la udongo unaloliona ni lao. Kisha akanyoosha mkono mwingine. Ndani yake kulikuwa na sale jingine, na majani yake ameyafunga fundo.

Umelelewa mlimani, unajua. Sale likipandwa ni mpaka. Sale likifungwa fundo na kuletwa mkononi, mtu anaomba yaishe, na aliyeletewa hana ruhusa ya kukataa hata kama amedhulumiwa namna gani. Lakini mimi sikujua kama mtu aliyeolewa kutoka mbali anaweza kuletewa, tena na mama mkwe, tena mtu wa umri ule. Nililipokea kwa mikono miwili. Hatukukumbatiana, unatujua. Alisema tu, "Chai ipo?" nikasema ipo, akaketi kwenye kigoda changu, akanywa, akaomba tena.

Baba yako alipotaka kuyachukua yale matatu akayapande, Bibi alimpiga kofi mkononi. "Acha hapo. Kona ya mtu haipandwi na mwingine. Yuko wapi huyo mpimaji?"

Nakusikia unafungua geti. "Shikamoo, Bibi." Bibi ameshatoka nje kukuwahi, na marahaba yake imefika mpaka huku. Anakuambia uviweke mbali hivyo viatu vipya, uvae mabuti yangu ya zizini, uchukue jembe. Unamwuliza, "Kuna nini, Bibi?"

Sitoki nje. Acha akuambie yeye.

Mama yako